Giaboksi imeshushwa, bei imepanda maradufu: nimlipe fundi au niondoe gari?

Swali: Gari langu ni la otomatiki na limetembea zaidi ya kilomita 180,000. Lilianza kuchelewa kushika gia likishapata moto, halafu siku moja likagoma kupita gia ya tatu na taa ya injini ikawaka. Fundi wangu wa siku nyingi aliliendesha kidogo, akachomeka mashine ya kusoma hitilafu, akasema giaboksi imekufa. Tukakubaliana bei kwa simu, akaishusha. Sasa anasema bei ni karibu mara mbili kwa sababu toki konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi) na kompyuta ya giaboksi navyo vimekwenda, na anataka alipwe zote kabla hajaendelea. Hatujawahi kugombana. Je, ananidanganya? Niendelee naye au niliondoe gari?

Jibu:

Ndugu yangu, kama fundi wako anakudanganya mimi siwezi kujua nikiwa mbali, na wewe uliye karibu naye hutajua kwa kumtazama usoni. Afadhali ni kwamba huhitaji kujua. Kila kitu alichokuambia kinaacha alama ya kuonekana kwa macho au kupimika kwa kifaa. Klachi iliyoungua inaonekana. Kompyuta iliyokufa inapimika. Kwa hiyo achana na swali la ukweli wake, umuulize jambo moja kwa kila kipande anachotaka kukulipisha: ushahidi wake uko wapi? Fundi mkweli atakuonyesha bila kukasirika. Fundi aliyekosea kwa nia njema ataliona kosa lake mwenyewe wakati anautafuta ushahidi huo, na kwa nilivyoona katika kazi hii, giaboksi nyingi zinazoshushwa bure hushushwa na watu wa aina hiyo, waliokisia mahali palipotakiwa kupimwa.

Tuanze na dalili, maana zinasema mengi. Giaboksi ya otomatiki hushika gia kwa nguvu ya mafuta. Pampu huyasukuma, valvu bodi huyagawa, na presha yake ndiyo inayobana diski za klachi hadi gari liondoke. Mafuta yakipata moto huwa mepesi, na yakiwa mepesi huvuja kirahisi kupitia sili zilizokauka au tundu za valvu zilizolika. Ndiyo sababu gari linaweza kwenda vizuri asubuhi, kisha likaanza kusitasita baada ya nusu saa barabarani. Kusita kwa namna hiyo kunaelekeza kwenye presha ndogo: mafuta yamepungua, filta imeziba, valvu bodi imelika, pampu imechoka, au sili za klachi zimekwisha. Tazama mpangilio huo. Mafuta hupimwa bila kufungua kitu kikubwa. Filta na valvu bodi, katika giaboksi nyingi, hutolewa kupitia sampu (bakuli la mafuta lililo chini) giaboksi ikiwa bado iko mahali pake. Ni pampu na sili za klachi ndizo zinazolazimisha kuishusha.

Kugoma kwenye gia ya tatu ni habari nyingine. Mara nyingi ni kompyuta inayoilinda giaboksi. Ikiona jambo isiloliamini, hukata umeme wa solenoidi (valvu ndogo zinazoendeshwa kwa umeme) na kuiacha giaboksi kwenye gia moja, kwa kawaida ya pili au ya tatu, ili ufike gereji bila kuharibu zaidi. Kinachoisukuma kufanya hivyo kinaweza kuwa klachi inayoteleza. Kinaweza pia kuwa sensa ya kasi, solenoidi moja, waya uliochubuka, soketi iliyoingia maji, au hata betri inayotoa umeme mdogo. Jaribu kukumbuka: ulipozima gari na kuliwasha tena, gia zilirudi? Kama zilirudi, na gari likapanda gia zote kwa muda bila injini kulia bure, basi klachi zilikuwa bado zinashika siku ile, na mimi ningetafuta kwanza kwenye umeme na presha. Kama kila ulipokanyaga mafuta injini ilipanda mlio na gari likabaki nyuma, baridi kwa moto, maneno ya fundi wako yanapata uzito.

Sasa hiyo mashine. Kusema tu kwamba mashine imechomekwa hakutoshi. Vifaa vingi vidogo husoma kompyuta ya injini peke yake, na hiyo ikipelekewa malalamiko ya giaboksi huandika P0700. Namba hiyo inasema kwamba kompyuta ya giaboksi imerekodi hitilafu. Haisemi hitilafu gani. Ni lazima kuingia ndani ya kompyuta ya giaboksi yenyewe. Hapo utakuta kama P0715 au P0720, zinazohusu sensa za kasi ya kuingia na kutoka. P0730, kwamba uwiano wa gia haulingani na ulioamriwa, yaani kitu kinateleza. P0741, kwamba kufuli ya toki konveta, yaani klachi yake ya ndani, haishiki. Au P0750 na jamaa zake za solenoidi. Hata hizo ni mahali pa kuanzia tu. Namba ya solenoidi huweza kuletwa na waya uliokatika umbali mfupi kutoka kwenye solenoidi iliyo nzima kabisa. Mwombe fundi namba zote zilizosomwa siku ile, na kama kifaa chake kilihifadhi, joto la mafuta na kasi ya gari hitilafu ilipojitokeza. Kama hakuandika wala kupiga picha, basi uamuzi wa kushusha ulitegemea sikio lake.

Na kipimo ambacho wengi hukiruka, nacho ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote kwa dalili zako: geji ya presha. Giaboksi nyingi za aina hii zina tundu lenye boliti ndogo kwa ajili hiyo. Unafunga geji, unaendesha gari mpaka lipate moto, unasoma presha katika kila gia na kulinganisha na kitabu cha gari. Kazi hiyo ingetenganisha pampu na klachi kabla ya boliti moja kubwa kufunguliwa. Sasa imeshashushwa, nafasi hiyo imepita, lakini jibu lake ukimuuliza kama aliipima litakuambia mengine yote alifanyaje.

Hapa ndipo makubaliano yenu ya kwanza yalipopinda. Mlikubaliana bei ya matengenezo wakati hakuna aliyejua kilichoharibika. Kuutafuta ugonjwa ni kazi kamili, ina ujuzi wake na saa zake, na inastahili malipo yake peke yake. Fundi asipolipwa kwa kupima, atajilipa kwa kutengeneza, na mtu anayesubiri kulipwa kwa kutengeneza ana kila sababu ya kuona jambo la kutengeneza. Haihitaji awe mwizi. Basi hata sasa, ukiwa umechelewa, rudini kwenye mstari huo: mlipe kuifungua giaboksi na kukuonyesha kilichomo, kama bei ya pekee, kisha ndipo mzungumze bei ya kuijenga upya.

Maana swali la kwanza utakalomuuliza ni hili: ameishusha tu, au ameshaifungua? Kama bado haijafunguliwa, anawezaje kujua bei ya vilivyomo? Kama imefunguliwa, usizungumze kwa simu. Nenda ukaione, mchana, na umwombe aiweke mezani vipande vyote kwa mpangilio. Huhitaji kuwa fundi ili kuelewa utakachokiona.

Anza na sampu. Ndani yake, chini, kuna sumaku. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida kwa gari la umri wa lako, usikubali kutishwa nao. Kinachotisha ni vipande vinavyoshikika kwa kucha, chembe zinazong'aa ambazo sumaku haizivuti (hizo hutoka kwenye bushi au sehemu za alumini), au unga mweusi mwingi ambao ni ngozi ya klachi. Kisha mafuta. Mengi yakiwa mapya huwa mekundu. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, klachi zimeteleza muda mrefu. Yakiwa na rangi ya waridi yenye ukungu kama maziwa, maji ya rejeta yamechanganyika nayo, kwa kuwa katika magari mengi mafuta ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta. Ukiona hivyo, rejeta haina budi kubadilishwa pia, la sivyo giaboksi itakayorudishwa itakufa kwa ugonjwa uleule. Maji hubandua ngozi ya klachi kutoka kwenye diski zake.

Halafu diski zenyewe. Nzima huwa na ngozi ya kahawia yenye unene sawa kote, mara nyingi na mifereji ya kupitisha mafuta. Iliyoungua ni nyeusi, imelainika kama kioo, au ngozi imekwisha na chuma kimebaki; na sahani za chuma zinazokaa katikati yake huwa na madoa meusi au ya buluu ya moto. Mwambie akuonyeshe ni seti ya gia ipi iliyoungua. Seti moja iliyoungua peke yake nyingine zikiwa nzima ina chanzo, kwa mfano sili ya pistoni yake au valvu inayoilisha. Kuweka diski mpya bila kukitaja chanzo hicho ni kuahirisha tatizo tu, na hapo ndipo ningemkazia maswali kuliko kwenye bei.

Tukija kwenye toki konveta, hapa namtetea fundi wako. Konveta ni duara la chuma lililochomelewa lote, halifunguki bila kukatwa. Klachi zikiungua, unga wake husafiri na mafuta hadi ndani yake, na kuisuuza tu hakuondoi kila kitu. Ni lazima ibadilishwe, au ipelekwe kwa watu wanaozikata, kubadilisha ngozi ya kufuli, kuchomelea tena na kuipima mzunguko wake. Kwa hiyo kama diski zimeungua kweli, bei ya konveta ni halali, na ningemwogopa zaidi fundi ambaye angekurudishia ileile. Kosa lake ni kutokuitaja siku ya kwanza, kwa kuwa fundi wa giaboksi anajua tangu mwanzo kwamba klachi na konveta huenda pamoja. Hayo hayo yanahusu kipoza mafuta na mabomba yake: visafishwe kwa shinikizo mpaka mafuta yatoke safi, au vibadilishwe. Muulize kama vimo kwenye bei. Giaboksi nyingi zilizojengwa vizuri hufa tena kwa takataka zilizobaki kwenye kipoza cha zamani.

Kompyuta ndiyo inayonipa shaka. Klachi kuungua na kompyuta kufa kwa wakati mmoja ni jambo linalowezekana, ila si la kawaida, na moja halileti jingine moja kwa moja. Tena fikiria: kama mashine yake ilisoma namba za hitilafu kutoka kwenye kompyuta ya giaboksi, basi kompyuta hiyo ilikuwa hai kiasi cha kuongea. Anayesema imekufa atakuwa amepima umeme unaoifikia, waya wa kurudisha umeme, na nyaya kati yake na solenoidi, akakuta vyote vizima. Mwombe akuambie alichokipima. Kuna hali moja inayoweza kumpa haki. Katika giaboksi nyingi za miaka ya karibuni kompyuta, solenoidi na valvu bodi ni kifaa kimoja kinachokaa ndani ya mafuta. Kama ndicho anachokiita kompyuta, na kimejaa unga wa klachi au solenoidi zake zimechoka, anaweza kuwa na sababu. Lakini hapo tena akuonyeshe, na ajibu swali moja la lazima: nani atakiandikia programu? Kompyuta mpya huja tupu, na iliyotoka kwenye gari jingine mara nyingi hukataa kufanya kazi mpaka ifundishwe gari lako. Fundi anayetaka pesa ya kompyuta bila kujua nani ataiandikia programu anabahatisha kwa pesa yako.

Namna ya kumwambia haya ina uzito wake. Mmejuana siku nyingi, na mtu anayehisi ameitwa mwongo hujifungia. Usiende na jirani wa kukusaidia kupiga kelele, na usitaje bei uliyoisikia kwingine. Mwandikie ujumbe, ili pia maneno yabaki:

"Fundi, habari za kazi. Nimepokea bei mpya na nataka tuendelee vizuri. Kabla sijalipa naomba nije nione giaboksi ikiwa mezani. Nitaomba unionyeshe diski zilizoungua na chanzo chake, na ulivyopima kompyuta. Naomba pia bei kwa maandishi, spea peke yake na ufundi peke yake, na usifunge wala kununua kitu mpaka nikujibu. Muda wako wa kunionyesha nitaulipia."

Sentensi ya mwisho usiiondoe. Inaondoa kinyongo, na inamkumbusha kwamba maelezo ni sehemu ya kazi yake.

Ukitoka pale bado una shaka, tafuta fundi mwingine wa giaboksi aje palepale aitazame, umlipe saa yake, na umwambie tangu mwanzo kwamba kazi haitakuwa yake kwa vyovyote. Hilo la pili ndilo linalofanya maoni yake yawe na maana. Fundi wa pili anayenusa kazi atakuta kasoro kwa wa kwanza hata pasipo na kasoro. Na mwenye gereji aarifiwe kabla. Kumleta mtu kwa siri kwenye banda la mwenzake ni kumvunjia heshima, na hakutakusaidia.

Kuhusu pesa zote kabla ya kazi: hapana, kwa upole. Kuomba malipo ya awali ni haki yake, kwa kuwa spea za giaboksi ni ghali na wateja huacha magari na kutoweka. Lipa za spea, ikiwezekana wewe mwenyewe kwa muuzaji, au yeye alete risiti yenye jina na namba ya kila kitu. Sehemu ya ufundi lipa giaboksi ikisharudishwa, na iliyobaki baada ya kuliendesha gari. Akikataa kabisa mpango wowote wa vipande vipande, na anataka fedha taslimu bila maandishi, hiyo ni ishara nzito kuliko bei yenyewe.

Karatasi ya makubaliano iwe fupi tu: kitu gani kinabadilishwa, kipya au kilichotumika, aina ya mafuta, bei ya spea, bei ya ufundi, siku ya kumaliza, waranti ya muda gani na kilomita ngapi, na kwamba bei haipandi bila wewe kukubali kwa maandishi. Ongeza kwamba spea za zamani utakabidhiwa. Waranti ndiyo watu huisoma haraka mno. Angalia kama inahusu spea peke yake au pia kazi ya kushusha na kupandisha. Spea ikifa baada ya wiki tatu ukapewa nyingine bure lakini ukalipishwa ufundi upya, waranti hiyo imekufunika nusu tu, tena nusu iliyo ndogo.

Kabla hujaamua kuijenga, uliza bei ya njia nyingine. Kuna giaboksi iliyotumika kutoka kwenye gari jingine, na kuna iliyojengwa upya kiwandani au kwa mtaalamu na kuuzwa ikiwa kamili. Iliyotumika mara nyingi ni rahisi kwa bei ya kununua, na hakuna anayejua ilivyoishi. Ukiichagua, linganisha namba ya kibati cha giaboksi na cha yako herufi kwa herufi, kwa kuwa gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na giaboksi zenye uwiano tofauti. Sampu ifunguliwe kabla hujalipa, sili ya mbele na za pembeni zibadilishwe ikiwa bado iko chini, na filta na mafuta viwe vipya. Iliyojengwa kwa mtaalamu ni ghali zaidi ila ina waranti inayoeleweka. Kujenga yako kuna maana kubwa zaidi pale kilichoharibika kimeonekana na ni kidogo, na fundi wako ameshajenga za aina hiyo kabla. Muulize hivyo bila kuona haya. Kuna mafundi hodari wa injini ambao giaboksi za otomatiki hawajazizoea, na mkweli atakubali kuipeleka yako kwa mwenye kuijua, yeye akabaki na kazi ya kushusha na kupandisha.

Wenye giaboksi za mkanda (CVT) au za klachi mbili (DCT) wasichukue haya yote kama yalivyo. Za mkanda mara nyingi hubadilishwa nzima, na ukizimwagia mafuta ya otomatiki ya kawaida unaziua. Za klachi mbili huweza kuonekana zimekufa wakati kilichokwisha ni klachi, zinazobadilishwa bila kugusa gia za ndani.

Piga pia hesabu moja ambayo fundi hawezi kukupigia: gari hili likishapona litauzika kwa kiasi gani, na lina nini kingine kinachosubiri, kama injini, shokapu na springi, au kutu? Linganisha bei iliyobaki kulipa na thamani hiyo. Ulichokwisha kulipa kisiingie kwenye hesabu. Hakirudi ukiendelea, wala ukiacha.

Ukiamua kuliondoa, fanya kwa utaratibu. Kazi ya kushusha aliifanya kwa ridhaa yako, na anastahili kulipwa. Katika nchi nyingi sheria humpa fundi haki ya kulizuia gari mpaka alipwe kazi iliyoidhinishwa, hivyo kulivuta usiku au kuja na vijana wa kulisukuma kunaweza kukuweka wewe upande wa makosa. Kama unaona anachodai kimezidi, lipa na uandike kwenye risiti kwamba unalipa huku ukipinga kiasi hicho, kisha udai tofauti baadaye kwa chombo cha kulinda walaji au mahakama ya madai madogo pale vilipo. Kabla gari halijatoka, piga picha kila kipande, hesabu boliti kwenye mifuko, andikeni orodha na muweke sahihi wote wawili. Giaboksi iliyofunguliwa na kusafirishwa kwenye ndoo hupoteza vitu, na fundi atakayeipokea hatakubali lawama ya kitu ambacho hakukiona. Gari lenyewe libebwe juu ya lori.

Ukiamua kubaki, na kwa uliyoyaandika naona bado kuna nafasi nzuri ya kubaki naye, weka nguvu zako kwenye siku ya kulichukua gari. Mwulize mafuta aliyotia ni ya aina gani na uone kopo. Lazima yalingane na yaliyotajwa kwenye kitabu cha gari, neno kwa neno. Muulize alivyopima kiwango chake. Giaboksi nyingi za kisasa hazina kijiti cha kupimia. Hupimwa injini ikiwaka, gari likiwa limelala sawasawa, mafuta yakiwa kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji, mara nyingi karibu nyuzi 40 za Selsiasi, kwa kufungua tundu la pembeni na kuona yanavyochuruzika. Akisema alijaza lita alizomwaga na kufunga, arudie. Muulize pia kama kompyuta imefutiwa kumbukumbu ya giaboksi ya zamani ili ijifunze klachi mpya. Isipofanyiwa hivyo gari huweza kupiga teke kwenye gia hata kama kazi ilikuwa safi.

Halafu liendesheni pamoja, yeye akiwa pembeni yako, si chini ya nusu saa. Tatizo lako lilijitokeza kwenye moto, kwa hiyo mzunguko wa dakika tano kuizunguka gereji hauthibitishi chochote. Panda mlima kama upo, simama kwenye foleni, weka R na D mara kadhaa likiwa la moto na uhesabu lilivyoshika. Kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, ukikanyaga kidogo tu, sikiliza kama kuna mtetemo kama wa kupita juu ya matuta madogo yaliyopangana. Huo hutoka kwenye kufuli ya konveta. Ila msiilaumu konveta haraka kabla ya kukagua plagi na koili, maana injini inayokosa moto kwenye silinda moja hutetemesha gari vilevile, na mpira wa kushikia injini uliokatika hupiga kishindo gia ikiingia kama vile giaboksi ndiyo mbovu. Mkirudi, linyanyueni muangalie chini kama linavuja, na mashine isomwe tena, safari hii mbele yako.

Mafundi wengi wa giaboksi hupenda kumwaga mafuta ya kwanza baada ya kilomita 1,000 hadi 2,000, kwa kuwa klachi mpya huacha unga zikizoeana. Kubaliana naye hilo sasa na liingie kwenye bei. Baada ya hapo usiamini anayekuambia mafuta ya giaboksi hayabadilishwi maisha. ZF, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa giaboksi za otomatiki duniani, hushauri zake zibadilishwe mafuta kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ndani ya miaka minane. Na ikitokea gia zimeanza kusita tena mafuta yakipata moto ndani ya muda wa waranti, usiendelee kuliendesha ukingoja siku ya nafasi. Lisimamishe, piga picha ya kilomita zilizosomeka, na umtumie fundi ujumbe siku hiyohiyo.